Mifuko Miwili Mlangoni

Mlangoni palikuwa na mifuko miwili.

Suad aliitazama kwa muda, barakoa usoni, mkono mmoja ukishikilia mlango usijifunge nyuma yake. Ilikuwa mifuko ya karatasi, imekunjwa midomo sawasawa, na kila mmoja umebandikwa namba ya chumba chake, 2214. Ndani ya wa kwanza mlikuwa na wali, kuku na tofaa. Ndani ya wa pili mlikuwa na wali, kuku na tofaa. Ilikuwa Jumanne ya kwanza ya Agosti, mwaka wa pili wa maradhi ya korona, saa sita na dakika kumi mchana. Hazikuwa zimetimia saa nne tangu basi limlete kutoka uwanja wa ndege wa Sydney, chini ya ulinzi, afungiwe hotelini siku kumi na nne kama kila msafiri aliyerejea. Chumbani alikuwa peke yake.

"Wamekosea," alijiambia. Akachukua mfuko mmoja, wa pili akauacha pale pale kwenye zulia la ujia.

Jioni, alipofungua mlango kuchukua chakula cha usiku, alikuta tena mifuko miwili. Na ule wa mchana ulikuwapo bado, umefunguliwa. Vyombo vyake vilikuwa vitupu, tena vikavu, vimesuguliwa kwa mchanga mwembamba hadi vinang'aa, kama sufuria zinavyosuguliwa uani kwao.

Suad alikuwa mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na kwa miaka kumi na mmoja aliishi Auburn, magharibi ya Sydney, pamoja na mumewe Suhaib, mtu wa Mombasa, na binti yao wa pekee, Miriam, mwenye miaka sita. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee. Alikuwa amepewa ruhusa ya kutoka nchini kwa sababu moja tu: mama yake amefariki. Maziko hakuyawahi. Aliyawahi matanga, na kwa siku ishirini na sita alikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Kila aliyekuja kuhani alibisha hodi, naye, mtoto wa marehemu, akaitikia "karibu". Asubuhi, mchana, jioni. Mwishowe neno lile halikupita tena akilini; lilitoka lenyewe, kama mtu anavyopepesa jicho.

Juu ya kitanda cha marehemu ilining'inia kalenda ya miaka mingi nyuma, zawadi ya jamaa aliyefanya kazi Uarabuni, yenye picha ya mnara mrefu katika mji wa jangwani. Mwaka ulikwisha, mama hakuitoa. "Mungu akinijalia," alikuwa akisema, "nitapanda pale nione wanachokiona ndege." Basi ndege ya kurudi ilipomshusha Suad katika mji huo huo, ambao hadi leo hautaji kwa jina, na kumwachia saa kumi na tisa za kusubiri, alikwenda kuupanda mnara kwa niaba ya mama yake.

Alifika juu saa sita kamili za mchana. Kwa sababu ya maradhi, ukumbi wa kutazamia ulikuwa karibu mtupu. Sakafuni palichorwa duara za kuwatenganisha wageni, na duara zote hazikuwa na watu. Chini, mji uliishia ghafla, kama mkeka unavyoishia, na baada ya pindo lake hapakuwa na kitu ila mchanga. Suad aliweka kiganja kwenye kioo, akamsomea mama yake Fatiha. Alipofika "amin" alisikia harufu ya karafuumaiti, ile wanayopakwa wafu, imechanganyika na harufu ya mchanga wa moto. Kisha, nyuma ya bega lake, sauti ya mwanamke mzee, tulivu, ya lafudhi ya Tanga:

"Hodi."

"Karibu," alisema Suad.

Ndipo alipogeuka. Hapakuwa na mtu ila mfanyakazi mmoja, hatua ishirini mbali naye, akipangusa vyuma. Aliporudisha macho kwenye kioo, kando ya alama ya kiganja chake palikuwa na alama ya kiganja kingine, ya vumbi. Ilikuwa upande wa nje.

Wazee wa kwao waliwakataza watoto kupita mahali patupu jua likiwa utosini, kwa kuwa ndiyo saa ya wenyewe wasioonekana kutembea. Suad alilikumbuka hilo ndani ya lifti, akishuka. Akajicheka.

Asubuhi ya siku ya pili, saa nne, simu ya chumbani ililia. Muuguzi wa zamu alianza kwa Kiingereza. Alipoisikia lafudhi ya Suad akageukia Kiswahili, Kiswahili cha Mrundi aliyekulia katika kambi za wakimbizi za Kigoma.

"Mimi naitwa Concilie. Pole na safari, dada! Munaamka vizuri wote wawili?"

"Wawili nani?"

"Wewe na mama."

"Dada Concilie, mimi niko peke yangu."

Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Fishi yangu hapa, karatasi ya wageni, inaandika chumba 2214, watu wawili. Tena muko na vitanda mbili, si ndiyo?"

"Vitanda viwili vipo. Mtu ni mmoja."

"Basi nitasahihisha. Hawa wa ofisi wanaandika kama wanalala." Alicheka, kisha sauti yake ikashuka. "Lakini dada, jana kwa basi ni mimi nilikuwa nahesabu watu. Nilikuona unashuka. Mama mzee alikuwa nyuma yako, amejifunika nguo nyeusi. Alikuwa anakupangusa vumbi mgongoni."

Suad aliweka simu chini na kukitazama kitanda cha pili. Hakuwa amekigusa. Shuka lake lilikuwa limebonyea katikati, urefu wa mtu aliyelala ubavu, na ndani ya bonde hilo palikuwa na mchanga kidogo, mwekundu, wenye joto.

Siku ya tatu, saa sita mchana, alama ya kiganja ilitokea dirishani. Dirisha lilikuwa kioo kimoja kisichofunguka, ghorofa ya ishirini na mbili, na kiganja kilikuwa nje. Alipiga simu mapokezi. Wakamjibu kwa upole kwamba madirisha husafishwa kila mwezi.

Faraja yake ilikuwa moja. Kila alasiri aliwapigia wa nyumbani simu ya picha. Auburn nayo ilikuwa imefungwa; polisi na wanajeshi walizunguka mitaani, gereji alikofanya kazi Suhaib ilikuwa na kufuli, na baba na binti walikuwa hawatoki.

"Ati ulikwenda kuhani ama kutembea minara?" Suhaib alimtania. "Nasi huku mnara wetu ni banda la kuku. Siku ya nne hii twala mayai."

"Miriam yuko wapi?"

Miriam alikuja akiruka. Kiswahili alikielewa chote, lakini hakuwahi kukijibu ila kwa Kiingereza, jambo lililomwuma mama yake hasa baada ya msiba, kwani bibi na mjukuu walikuwa wamezungumza kwa miaka bila kuelewana. Siku ile Suad alitunga mchezo. Aligonga kioo cha simu kwa kucha, akasema, "Hodi!"

Mtoto alicheka, akasita, kisha akasema: "Karibu!"

Lilikuwa neno lake la kwanza. Suad alitokwa na machozi. Wakaurudia mara kumi, na kesho yake mara kumi, na kesho kutwa, kila mara Suad akimwambia kwamba mtoto mwenye adabu hamwachi mtu akasimama mlangoni. Siku ya saba Miriam aliitikia kabla.

"Mbona hukungoja nibishe?"

Miriam alijibu, kwa Kiingereza, kwamba alikuwa ameshasikia. Suad alidhani ni mtandao unaochelewesha sauti.

Siku hiyo hiyo ya saba karani wa afya alipiga simu kuthibitisha atakakokwenda akitoka. Laini ilikuwa mbaya. Suad alilazimika kutaja namba ya nyumba, jina la mtaa na neno Auburn mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Alipotaja mara ya tatu alitambua kwamba birika la umeme, lililokuwa likichemka nyuma yake, lilikuwa limenyamaza, na mfereji uliokuwa ukidondoka bafuni umenyamaza, na chumba kizima kimetulia kama mtu aliyeinamisha sikio.

Siku ya nane kiganja kilikuwa upande wa ndani.

Alikipangusa kwa taulo, kikarudi kabla taulo halijakauka. Na mifuko ikaendelea kuja miwili miwili, ijapokuwa Concilie aliapa kwamba ameirekebisha fishi mara nne. Na ule wa pili, ambao Suad sasa aliuacha mlangoni bila kuugusa, kila jioni aliukuta mtupu, na mchanga wa vyombo vyake ukifanya mstari mwembamba uliopita chini ya mlango, ukaambaa na ukuta, ukaishia kwenye miguu ya kitanda cha pili.

Siku ya tisa alimpigia simu Mwalimu Stambuli. Huyu alikuwa mtu wa Pangani, dereva wa teksi mstaafu, na Waswahili wote wa Auburn waliojua kwamba huwasomea wagonjwa walijua pia kwamba hapendi kusumbuliwa wakati wa taarifa ya habari. Alimsikiliza Suad hadi mwisho bila kumkatiza.

"Uliitikia?" aliuliza.

"Niliitikia, Mwalimu."

"Kabla ya kutazama?"

"Kabla ya kutazama."

Mzee alishusha pumzi. "Wenzetu hawa wana adabu kuliko binadamu, Suad. Hawaingii wasipokaribishwa. Taabu yao ni moja: vivyo hivyo hawatoki wasipoagwa. Ubani unao?"

"Ninao, nimetoka nao Tanga. Lakini darini kuna kidude cha moshi. Nikifukiza tu, zimamoto hao."

"Na mimi siwezi kuvuka mtaa. Basi sikiliza. Angekuwa amekuvamia, ningemsomea akatoka kwa kelele. Huyu hakuvamia. Ni mgeni wako, na mgeni hafukuzwi, husindikizwa. Utamfungulia mlango. Utamwacha atangulie. Utamfuata hatua saba nje ya kizingiti, utamuaga kwa maneno mema, kisha utarudi bila kumtazama."

"Nje ya kizingiti hawaturuhusu! Mlinzi kakaa hapo usiku na mchana. Nikitoka hatua moja wananiongezea siku kumi na nne."

"Tafuta njia," alisema Mwalimu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na hofu. "Siku ukitoka naye mlango mmoja kwenda kwako, si mgeni tena. Ni mtu wa nyumba. Na nyumbani kwako kuna mtoto mdogo, nao hupenda watoto wadogo, kwa kuwa watoto hawajui kusema hapana."

Suad hakulala sawasawa tena. Siku ya kumi na moja alihesabu kila kitu chumbani, kama mfungwa ahesabuvyo mawe ya ukuta: hatua tisa kutoka dirishani hadi mlangoni, hatua nne kutoka kitanda hadi kitanda. Alipohesabu tena zilikuwa tatu.

Siku ya kumi na mbili Concilie alipanda mwenyewe kumchukulia kipimo cha mwisho. Alisimama mlangoni ndani ya joho la plastiki, miwani na barakoa, kijiti mkononi. Alipoinama kukiingiza kijiti puani mwa Suad akasita, macho yakiwa yameelekea nyuma ya bega lake.

"Dada," alinong'ona, "hii harufu ni ya nini?"

"Karafuumaiti. Tunawapaka wafu."

"Yesu wangu." Alijipiga ishara ya msalaba juu ya plastiki. "Ni yule mama wa kwa basi?"

Suad alimweleza yote, kwa haraka, midomo ikigusa barakoa. Mlinzi alikuwa mwisho wa ujia, akitazama simu yake.

"Kwetu tunasema shetani, nyinyi munasema jini," alisema Concilie. "Jina si kitu. Kesho saa sita nitamwita huyu mlinzi chini aje kusaini karatasi. Anapenda kahawa, atakawia. Dakika tatu, dada, si zaidi. Na wakinifukuza kazi?"

"Nitakupa wazee wangu kumi na wawili uwaogeshe."

"Haya, hiyo ni sawa. Wazee hawanitishi." Alicheka, akakiingiza kijiti.

Siku ya kumi na tatu, saa sita kasoro dakika moja, Suad alisimama nyuma ya mlango, ushungi umefungwa, mkono kwenye kitasa. Alisikia mlinzi akiitwa, kiti chake kikisogezwa, nyayo zikififia. Kisha mgongoni mwake akasikia godoro la kitanda cha pili likiinuka polepole, kama godoro linavyoinuka mtu mzima anapoondoka juu yake.

"Bibi," alisema, "umekaa, umekula, umelala. Twende nikusindikize."

Akafungua mlango, akajibanza ukutani, macho chini, na kitu kikampita, taratibu, kwa adabu ya mzee anayeshika ukuta, baridi ikitangulia na joto likifuata, na harufu ya karafuumaiti ikawa nzito hata akaisikia ulimini kama dawa chungu, na katika zulia la ujia, mbele ya macho yake yaliyoinamishwa, manyoya yakalala chini nyayo kwa nyayo, mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia, navyo vidole vya nyayo zile vilikuwa virefu kuliko vidole vya mtu, naye akafuata, akihesabu kwa pumzi, moja, mbili, akipita milango iliyofungwa ambayo nyuma yake watu wengine walikohoa na kutazama televisheni bila kujua ni nini kinachopita, tano, sita, hadi saba, mbele ya lifti, ambayo milango yake ilifunguka bila mtu kubonyeza kitu.

"Nenda salama, Bibi. Wasalimu uliowaacha."

Kisha sauti ile ile ya mnarani, karibu mno na sikio lake, ikasema:

"Ahsante, mwanangu. Umenikirimu. Rudi sasa, njia naijua."

Milango ikajifunga. Suad aligeuka bila kutazama nyuma, lakini kwenye kioo cha picha iliyotundikwa ujiani aliziona namba za lifti zikibadilika. Alitarajia zipande, kwa kuwa yule alitoka juu mnarani. Zilishuka.

Aliingia chumbani, akafunga. Harufu haikuwapo. Dirisha lilikuwa safi, na nyuma yake paa za mji zilimeta kwa jua la baridi. Kitanda cha pili kilikuwa kimetandikwa, shuka limenyooka kama siku aliyofika. Alianguka kusujudu, akalia kwa shukrani, akajifuta uso, akachukua simu kuwapigia wa nyumbani. Ilikuwa saa sita na dakika saba.

Uso wa Miriam ulijaa kioo.

"Mbona walia, mama?" alisema Miriam, kwa Kiswahili.

Suad alitabasamu kabla ya kuelewa. Kisha akaisogeza simu karibu na uso. "Baba yuko wapi?"

"Yu jikoni, apakua wali." Maneno yalimtoka mtoto bila kukwaa, kwa lafudhi ya Ngamiani, lafudhi ya watu waliozikwa. "Bibi kaja. Kabisha hodi, nami nikamwitikia, kama ulivyonifunza. Mtoto mwenye adabu hamwachi mtu akasimama mlangoni."

Nyuma yake Suhaib alitokea, sahani mikononi, uso umechanua. "Suad! Wamsikia mwanao? Tangu sasa hivi hataki Kizungu kabisa! Kumbe wamfunza kimyakimya wanificha?" Akaziweka sahani mezani. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Suhaib, ya tatu ya nani?"

"Miriam ndiye aloitaka. Asema ina mwenyewe."

"Mtoe mtoto nje, Suhaib! Mtoe sasa hivi!"

"Nje wapi, nawe wajua askari wazunguka mtaa mzima? Una nini wewe?" Alinusa hewa, akakunja pua. "Miriam, ni nini hii yanuka? Umemwaga marashi ya mamako?"

Miriam alikuwa amegeuza uso pembeni, kuelekea kiti ambacho Suad hakuweza kukiona, akitikisa kichwa kwa heshima, kama anayesikiliza mtu mzima. Kisha simu ikakatika.

Suad aliipiga tena, mara mbili, mara tatu. Haikuita. Akaukimbilia mlango, akaufungua kwa mikono miwili. Mwisho wa ujia mlinzi alikuwa amerudi kwenye kiti chake, kikombe cha kahawa gotini. Alimwona, akainua kiganja, akamwashiria arudi ndani. Ilibaki siku moja.

Na hapo chini, kwenye zulia, kwa mara ya kwanza tangu afungiwe, palikuwa na mfuko mmoja tu.